Kumtoa Nestori Mvuani

Nilipokuwa mtoto, siku radi ilipomuua Nestori, tuliokuwa pale shambani nje ya Urambo ni mama yangu, bibi mzaa baba, Mzee Elia wa kanisani kwetu, Mama Nestori mwenyewe, wanawake wawili majirani, na mimi niliyeshika kitenge cha mama. Tulikuwa tunapanda miche ya tumbaku, mvua kubwa ikatukuta. Nestori, rika langu, alikimbilia chini ya mninga. Mti ule ulipasuka tukiutazama.

Kwetu aliyepigwa na radi haguswi mpaka mganga afike kupasafisha mahali. Anayemgusa kabla, radi humfuata hadi nyumbani. Hata sisi wa kanisani tulilijua hilo kama tunavyojua kwamba moto unaunguza. Na mganga alikaa mbali, asingefika kabla ya kesho.

Wale majirani walimshika Mama Nestori mikono. Hawakuwa wakatili. Mmoja alikuwa akimfuta matope usoni kwa kanga yake huku akimzuia. Mzee Elia alivua kofia, akaomba kutoka mbali, sala nzuri, mvua ikimpiga kichwani. Alipomaliza, mtoto alikuwa bado kifudifudi kwenye tope.

"Nigeuzieni tu uso," Mama Nestori alisema. "Anakunywa maji."

Mama akanibandua kwenye kitenge chake.

"Wee mkamwana, unakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kumtoa mvuani."

"Una watoto, wewe! Itakufuata!"

"Najua, mama."

"Jumapili zenu hizo ndizo zimekutia wazimu?"

"Nikimwacha pale, Jumapili nitakwenda kufanya nini?"

Alisema hivyo meno yakimgongana. Alipokaribia alisimama, akayatazama mawingu, kisha akainama. Alimbeba Nestori kama mtoto aliyesinzia, akampeleka kwa mama yake. Wale majirani wakamwachia Mama Nestori mikono na kurudi nyuma.

Jioni bibi hakumruhusu mama kuingia ndani. Lakini alimwekea uani ndoo ya maji ya moto, na juu yake kanga yake mpya, ile ya kuendea harusini, kisha akasogea mbali. Mama alioga hapo hapo uani. Msimu ule wote hakuna aliyekuja kwetu kuomba moto wala chumvi, isipokuwa Mama Nestori, ambaye alikuja hata siku alizokuwa na chumvi yake.

Sasa nami ni mama, hapa Tabora mjini. Nikiwasimulia wenzangu wa kwaya, husema, "Mama yako alikuwa na imani, hakuogopa." Aliogopa sana. Aliamini kabisa, kama bibi, kwamba radi itamfuata, na sisi tulikuwa ndani ya nyumba hiyo itakayofuatwa. Akaenda hivyo hivyo. Tangu hapo nikisikia mtu anasifiwa kwa dini, namfikiria mtoto aliyelala kwenye tope, nikajiuliza nani angeinama. Nikijiuliza kama ningeinama mimi, namkumbatia zaidi mwanangu niliyempakata.

Mama anaishi nami siku hizi. Mawingu yakifunga, hutoka ndani akaenda kukaa peke yake kwenye jiko la uani. Wajukuu wakimfuata, huwafukuza.