Acha Tangi Lipoe

Siku ile ninayoikumbuka, mwanangu, wazee wa kanisa waliingia uani kwetu wamevaa makoti ya Jumapili, na wala haikuwa Jumapili. Nakusimulia kwa sababu umekuja kwangu asubuhi hii na hasira, unataka kukimbia sasa hivi ukawajibu wanaokusema kwenye kwaya. Kaa kwanza. Chai iko.

Ulikuwa wakati wa vita. Njia ya Beni ilikuwa inafungwa mara kwa mara, na gunia la makaa hapa Butembo lilikuwa limeadimika. Wanawake walikuwa wakishuka upande wa Kalunguta kutafuta kuni, na huko porini kulikuwa na watu wenye bunduki ambao hatukujua ni wa nani. Wengine walirudi na hawakutaka kusema lolote. Wengine hawakurudi. Mama yako Kavira, wifi yangu, alikuwa bado msichana, na zamu yake ya kwenda ilikuwa imefika.

Babu yako Paluku, baba mkwe wangu, alisema binti yake haendi. Alisema hivyo tu, nasi tukabaki tunaangalia maharage mabichi. Yeye alikuwa fundi wa malori, lakini malori hayakuwa yakienda tena Kirumba, na mikono yake ilikuwa imekaa bure. Pale kwetu alikuwa anakula agronome mmoja, bwana shamba wa serikali aliyetoka Kasai, mtu mpole ambaye mshahara wake ulikuwa umepotelea njiani. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba maganda mabichi ya kahawa na ya ndizi, ukiyafungia pamoja na maji ndani ya chuma kinene, ukawasha moto chini, mvuke ukikosa pa kutokea utayapika hadi yawe kama makaa. Hakuna haja ya kuyaanika kwanza. Jambo hilo lilitufurahisha, maana kwa mvua za hapa hata soksi hazikauki.

Basi wakatoa tangi nene kwenye lori bovu, wakalitia mfuniko wa boliti na kisaa chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya mvuke. Moto walikuwa wanapata kwa matawi machache ya mikaratusi ya uani, ambayo yasingetosha kupikia hata wiki. Tatizo lilikuwa harufu. Tangi lilinukia utamu uliochacha, likipiga mluzi taratibu, na mtu yeyote wa hapa akisikia harufu ile anajua ni lutuku, ile pombe kali inayopikwa kwa kujificha. Na babu yako alikuwa shemasi.

Ndipo wakaja wazee. Nyuma yao akaja askari mmoja mgeni wa mkoa, ana bunduki begani na kikombe chake mwenyewe mkononi.

"Shemasi, batu banasema unapikaka lutuku," mkubwa wao akasema. "Fungula tuone."

Babu yako akawaeleza ni makaa, na kwamba atafungua jioni, mshale ukishashuka, maana mvuke ule ungewaunguza. Wakatazamana. Kwao mtu asiye na kosa hufungua. Wakamwambia asipofungua mbele yao atavuliwa ushemasi na hatakaribia Meza ya Bwana. Mama mkwe akaanza kulia jikoni. Yule askari akachoka kungoja, akaokota spana, akainama kwenye boliti. Babu yako akaingia katikati, mgongo wake ukielekea joto, na bunduki ikashuka begani ikamtazama kifuani.

Mimi nilikuwa bibi harusi mpya, na aibu ilikuwa inanila. Nikamnong'oneza, "Tata, fungula tu baone, haya ikwishe."

"Katungu," akasema, "jina yangu ikichafuka, tutaisafisha. Sasa sura yako ikiungua, tutaisafisha na nini?" Kisha akamgeukia askari. "Chef, hii mvuke haijue ni nani iko na bunduki."

Askari akacheka, akaketi juu ya jiwe. Wazee wakaondoka bila kuaga.

Jioni mshale ulipolala, babu yako alifungua. Ndani kulikuwa na uji mweusi. Askari akatazama kikombe chake, akasonya, akaenda zake. Tuliukamua uji ule, tukaufinyanga madonge, tukayaanika juu ya jiko. Jumapili meza ikampita babu yako mbele ya watu wote. Aliimba mpaka mwisho wa ibada. Mimi nilishindwa kuimba.

Madonge yalipokauka yaliwaka vizuri, moto wa polepole, moshi kidogo. Mke wa yule mzee mkubwa akaja kuomba moto, akaona maharage yanachemka, akarudi kwake mbio. Kesho yake mume wake akasimama mlangoni, jasho linamtoka, amebeba gunia la maganda ya kahawa kichwani kama mwanamke wa soko. Naye alikuwa na mabinti, na zamu zao zilikuwa zinakaribia. Hakuomba msamaha. Babu yako akamtua gunia, wakaenda pamoja kuwasha moto.

Sasa nisikilize. Kama siku ile tangi lingefunguliwa likiwa moto, likamuunguza mtu mmoja tu, hakuna ambaye angekubali liwashwe tena, na mama yako angeshuka Kalunguta. Hakushuka. Ndiyo maana uko hapa unakunywa chai yangu.

Kwa hiyo leo usiende kwenye kwaya. Utakwenda siku nyingine, sikukatazi, na utasema yote, lakini nenda wakati unaweza kusema bila kumuunguza mtu. Wakikuita mwenye kosa kwa sababu umenyamaza, waache waite. Mungu akupe kifua cha babu yako, akutunzie jina lako mpaka utakapofungua tangi lako mwenyewe. Haya, maliza chai.