Senti za Useni

Cheka sasa, umalize, halafu tuendelee. Najua wanavyonisema masomoni: kwamba mimi ndiye niliyemwambia Furere, yule mtawa anayetufundisha, kwamba daftari langu limeliwa na mbuzi, na Furere alipotaka kumwona huyo mbuzi, nikamletea mbuzi. Ni kweli, nilimleta. Lakini hiki ninachokuandikia sikukitunga. Kilinipata mimi mwenyewe, hapahapa Kasongo, mchana, jua likiwa juu ya utosi, na hakijaacha kunipata. Ningekuwa natunga, si ningejipa sehemu ya shujaa? Soma uone sehemu niliyoipata.

Nilikuwa darasa la nne. Mwaka ule watoto wote wa mtaa wetu tulishikwa na ugonjwa wa senti. Si senti za kununua kitu. Senti za kuweka. Mama yangu aliuza karanga sokoni na pesa yake aliifunga kwenye pindo la kitenge. Jioni akifungua fundo lile, mimi nilishachuchumaa mbele yake kama mbwa anayesubiri mfupa. Sheria yetu watoto ilikuwa moja: ukiona senti unayoitaka, unaichukua na kuweka nyingine ya bei ileile, mzazi asipungukiwe. Kwa njia hiyo nilipata zile za zamani zenye nyota na tundu katikati, nikazitunga kwenye uzi wa ukindu kama shanga. Nilipata ya simba. Nilipata ya mchikichi. Nilipata mfalme wa Wabelgiji aliyepapaswa na vidole vya watu mpaka pua ikaisha, nikawa namsalimia kila asubuhi, "Jambo, Bwana Bila Pua."

Moja tu sikuwa nayo: tembo. Ilikuwa ya faranga mbili, ya rangi ya njano, nayo haikuwa duara kama senti zenye adabu. Ilikatwa pembe sita, na tembo amesimama katikati. Wakubwa walisema ilitoka wakati wa vita vya wazungu. Sisi tulijua tu kwamba ilikuwa karibu imalizike duniani, na kwamba atakayeipata atakuwa mkubwa wetu.

Sasa nikwambie habari ya Asani. Alikuwa jirani yangu, tulikaa ubao mmoja, yaani dawati moja, darasani, na nilimwonea wivu sana. Asani alizaliwa pacha. Mwenzake, Useni, alikufa kwa homa kabla hajajua kutembea. Lakini kwetu, wewe unajua, kifo hakimtoi pacha kwenye hesabu. Ukimpa pacha kitu, unatoa viwili vinavyofanana. Ukitoa kimoja, yule mwingine anakasirika, na pacha akikasirika anamvuta mwenzake kaburini. Kwa hiyo mama yao, tuliyemwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, aliendelea kununua mbili mbili. Mashati mawili ya kitambaa kimoja: moja Asani analipasua kwa kupanda miti, la pili linalala sandukuni na mikunjo yake. Siku ya soko Mama Mapasa alipita akiimba zile nyimbo chafu ambazo mama wa mapacha peke yake ana ruhusa ya kuziimba, akiwataja wachuuzi na sehemu zao za mwili, na kila mchuuzi alicheka na kumpa viwili.

Na Asani alijua kulitumia jambo hilo! Ukimpa senti ya tundu, anakutazama kwa jicho la huruma. "Na ya Useni?" Nani atamkatalia marehemu? Watu wazima walikuwa wanapekua mifuko, wanakopa kwa jirani, ili tu wapate ya pili. Ile ya pili iliingia kwenye chungu kidogo cha Useni, nyuma ya nyumba yao, chini ya paa, kimefunikwa kwa kipande cha kibuyu. Hakuna aliyekigusa. Hata Asani.

Siku moja nilimwuliza Mama, "Kwa nini miye ulinizaa peke yangu?"

"Weye mumoja unanimaliza," Mama akasema. "Ningezaa wawili kama weye, ningekuwa nimeshaingia kaburini."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nililala na wivu wangu.

Halafu ikaja siku ya soko la pamba. Unaijua siku ile: wakulima wanashuka na vikapu, mzani unaning'inia, karani anapaza sauti, na pesa inatoka. Mjomba wa Asani alikuja kwa miguu, kisha kwa kamio, yaani lori, kutoka upande wa Kabambare kuuza pamba yake, na katika malipo yake akapewa nini? Tembo. Na si tembo mmoja. Wawili! Akampa Asani wote, mmoja wake na mmoja wa chungu cha Useni. Mtu mmoja, siku moja, tembo wawili. Niambie kama hiyo ni haki.

Kesho yake Asani alinifungulia kiganja chini ya ubao.

"Tazama kwa macho. Usiguse."

"Hata haing'ai," nikasema.

"Mutoto ya Mama Karanga," akasema, "weye endelea kutunga zako za tundu. Zitakufaa kumufunga mbuzi wa Furere."

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa nzuri, ningependa niiseme mimi. Lakini ndani nilikuwa naungua.

Siku tatu baadaye, saa ambayo Mama Mapasa alikuwa shambani na Asani ameenda kisimani, niliingia nyuma ya nyumba yao. Usinifikirie vibaya sana. Mimi nilikuwa na sheria yangu. Nilichukua tembo ya Useni nikaacha faranga moja na faranga moja, mpya, nimezisugua kwa majivu. Mbili kwa mbili. Mwizi gani anaacha malipo? Nilifunika chungu nikajiona mtu mwaminifu kuliko katekista.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtoto aliyezaliwa peke yake. Pacha hahesabu bei. Pacha anahesabu sura.

Nilirudi kwa njia ya migombani. Mchana ule hata kuku walikuwa wamelala. Mbele yangu, katikati ya njia, Asani alikuwa ameketi mavumbini, amenipa mgongo.

Nikasema moyoni, nimekamatwa. Nikatafuta uongo wa haraka. Kisha nikaona shati. Lilikuwa shati la Asani, lenye mistari ya buluu, lakini halijachanika wala halijafuliwa, na lina mikunjo minne iliyonyooka kama limetoka sandukuni sasa hivi. Akageuka. Asani ana kovu kwenye paji la uso, nilimpiga jiwe mimi mwenyewe tukicheza. Huyu hakuwa na kovu. Nikatazama miguu yake. Nyayo zake zilikuwa laini, za waridi, bila mpasuko hata mmoja, nyayo ambazo hazijawahi kukanyaga chini.

Mungu yuko juu ananiona: niliganda.

"Asani iko na tembo," akasema. Sauti ilikuwa ya Asani, lakini ya pole, kama ya mtu asiyezoea kusema. "Miye niko na nini?"

"Tembo gani? Miye sina tembo."

Akafungua kiganja. Faranga zangu mbili zilikuwa mle, zinang'aa kwa majivu yangu.

"Hii haiko sawa na yake," akasema. "Yeye anakula, miye sili. Yeye anapanda miti. Shati yake inachanika. Ya kwangu ilikuwa senti tu, tuwe sawa. Sasa hata senti haiko sawa. Basi nitamwita akuje kwangu. Tutakuwa sawa."

Ningemrudishia tembo palepale, mambo yangeisha. Najua. Kila siku najua. Lakini alianza kunijia, na hakusimama. Hakujua kusimama. Alikuja kwa magoti na viganja, mvulana mkubwa kama mimi, anatambaa kama mtoto wa miezi minane, upesi, kichwa kimeinuka. Nilipiga kelele, nikaitupa tembo nisikojua, nikakimbia.

Sijafika nyumbani nikasikia kilio. Walikuwa wanamleta Asani kutoka kisimani, wamembeba kama furushi, mwili unawaka, macho yamegeuka. Mama Mapasa aliitwa shambani, akafika na jembe lake bado mkononi. Alimtazama mtoto mara moja tu, kisha akakimbia nyuma ya nyumba, kwenye chungu. Nilimsikia akisema, "Nani? Nani amevunja wanangu?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nikapenya katikati ya watu.

Nilirudi migombani. Nilipekua majani kwa vidole, nikaramba mavumbi, nikalia, na tembo haikuonekana. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameketi palepale na shati lake la mikunjo.

"Imepotea," nikamwambia. "Tafadhali, usimwite. Nitakupa zangu zote. Za tundu. Ya simba. Na Bwana Bila Pua."

"Zako ziko za mutu mumoja," akasema. "Wivu yako ninaijua. Ilikuwa inakuja kwenye chungu yangu kila siku, inanuka. Weye unataka vitu viwili viwili. Miye nataka mwenzangu. Nimwache Asani, nishike weye? Tuwe wawili?"

Sasa hapa ndipo ningeweza kukudanganya. Ningesema nilikubali ili rafiki yangu asife, na ungenisifu. Na ni kweli, niliogopa asife. Lakini ndani ya moyo wangu kulikuwa na sauti nyingine ndogo, yenye njaa, iliyosema: mbili mbili. Kila kitu mbili mbili. Nikasema ndiyo. Nilisema upesi mno.

Adhana ya alasiri haijaisha, Asani akaomba maji. Homa ilikatika kama kamba. Watu wakashangilia, wakapiga vigelegele. Mama Mapasa peke yake hakushangilia. Alitoka nyuma amebeba kile chungu, akakipindua mbele ya watu wote, na haikudondoka hata senti moja.

Jioni ile Mama yangu alifungua fundo la kitenge. Mle ndani mlikuwa na tembo wa pembe sita. Wawili.

Tangu hapo ndivyo ilivyo. Nikitumwa dukani, senti ninazorudishiwa zinakuja mbili mbili, zimefanana hadi mikwaruzo. Mchuuzi akinipa ndizi, mkono wake unarudi wenyewe kuchukua ya pili, naye anashangaa. Fimbo za Furere pia ni mbili mbili. Furere mwenyewe hajui kwa nini moja haimtoshi. Homa ikinishika, inanishika, inaniacha, inanishika tena. Mama aliponiona nikitenga chakula pembeni alifinyanga chungu kidogo akakiweka chini ya paa letu, akakaa karibu nacho akilia taratibu, kama mtu aliyefiwa na mtoto asiyemzaa. Usiku mwingine nasikia magoti yakiburuzika nje ya ukuta, yananihesabu. Kama nimevaa shati jipya peke yangu, yanazunguka nyumba mpaka kuche.

Na Asani? Yuko mzima, ana nguvu, anacheza mpira kuliko sisi wote. Mkimpa kimoja, ni kimoja. Mama yake sokoni haimbi tena. Mwaka huu tuko darasa moja bado, lakini alihama ubao wetu. Siku moja tu nilimfuata nikamwambia, "Asani, tembo wangu mmoja, chukua." Alinitazama kwa jicho ninalolijua vizuri, maana nililivaa mimi miaka mingi.

"Sitaki senti," akasema. "Nirudishie mwenzangu."

Kwa hiyo wewe unayesoma, wewe uliyezaliwa peke yako, nisikilize hata kama mimi ni mwongo. Ukihesabu senti zako ukakuta mbili zinazofanana kila kitu, hadi alama ya jino, usizitie zote mfukoni. Acha moja njiani, ondoka, usigeuke. Na ukimwona mtu amepewa mara mbili, kabla hujamwonea wivu mwulize kwanza ile ya pili ni ya nani.