Kiti Kilichotangulia Kuvuka

Kibirizi, bandari yetu ya ziwani, boti hazifiki mchangani. Zinasimama kwenye maji ya kiunoni, na abiria hubebwa mgongoni na vijana wanaoishi kwa kazi hiyo: mwalimu, mchungaji, muuza dagaa, wote. Ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo kutotembea kwangu hakumshangazi mtu.

Asubuhi ile nilitoka Gungu kwa bodaboda mbili. Moja ilinibeba mimi, ya pili ikabeba kiti changu cha magurudumu kikiwa kimefungwa kwa kamba za mpira. Nilikuwa nakwenda Burundi kwa mdogo wangu wa kiume. Binti yake alikuwa anaposwa saa nane mchana, na kwetu shangazi ndiye anayewajibu wageni. Nisipofika, hakuna jibu, na watu wa mume watarudi kwao Bujumbura mikono mitupu.

Tulipofika Burundi, nako hakuna gati. Jirani yangu kwenye benchi la boti, muuza vitenge aliyevaa viatu vyeupe vipya, alikuwa ameshakataliwa na wabebaji wawili kwa uzito wake. Kiti kiliposhushwa, alikitazama kwa muda.

"Dada, niazime hadi mchangani tu."

Nikamwambia sawa. Vijana wanne wakamwinua akiwa amekaa, viatu juu juu, na hawakumweka chini walipofika mchangani. Wakamsukuma moja kwa moja hadi ofisi ya uhamiaji.

Mimi nilifika mgongoni mwa kijana mmoja, akanikalisha juu ya kreti la soda nje ya mlango. Afisa alikuwa ameshampitisha muuza vitenge mbele ya foleni nzima, kamgongea muhuri na kuandika kwenye daftari: mgonjwa mmoja, kiti kimoja.

"Naomba kiti changu," nilimwambia muuza vitenge alipotolewa nje.

Akaniinamia. "Nikisimama sasa hivi, hawa wataniua."

Foleni ilikuwa inamtazama kwa huruma. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amempa ndizi mbili. Nikamwita afisa.

"Mwakeye, mama," alinisalimia kwa Kirundi. "Panga foleni."

"Siwezi kusimama, mwanangu. Kile kiti ni changu."

"Umefikaje hapa?"

"Nimebebwa."

"Na hawa wengine?"

Foleni ikajibu kwamba nao wamebebwa. Mzee mmoja akaongeza kwamba yeye kabebwa pamoja na mbuzi wake.

"Unaona?" alisema afisa, bila ukali wowote. "Mgonjwa wa boti hii nimeshamwandika."

Foleni ilipoisha ilikuwa saa saba na nusu. Alinigongea muhuri pale pale kwenye kreti, kwa wema wake, lakini kuhusu kiti hakubadilika: kimeingia na yule, kitaondoka na yule.

Muuza vitenge alipiga mapaja yake. "Basi njoo nikupakate."

Kijana aliyenibeba akaniinua, akaniweka mapajani. Afisa mwenyewe alikuja kutushikia geti, akamwagiza kijana asukume taratibu kwa sababu ya mgonjwa.

Tulikuwa tumekubaliana muuza vitenge ashuke tukishapita kona. Kumbe watu wa foleni walikuwa wametungoja nje ya geti, wote wanakwenda sokoni, na nyumba ya mdogo wangu iko nyuma ya soko hilo. Tulifuatana nao njia nzima. Mzee wa mbuzi alishika mpini mmoja kusaidia kusukuma hadi nyumbani.

"Una mifupa, dada," alininong'oneza muuza vitenge.

"Na wewe kula ndizi zako."

"Shika moja. Mgonjwa hawezi kumaliza zote."

Tulipoingia uani, wageni walikuwa wameshasimama, wengine wanavaa viatu. Binti alikuwa mlangoni, macho mekundu. Mdogo wangu alitutazama, akamtazama mbuzi, akaamua kutouliza.

"Shangazi ni yupi kati yao?" akauliza mzee wa upande wa mume.

Nikainua mkono wenye ndizi, nikawaambia wakae.