Boliti zilizotokeza kwa shangazi

Leo nimeshukuriwa kwa wema ambao sikuufanya, na nikaitikia.

Iko hivi. Mimi ni mfinyanzi, nimepata mashine ya kukamulia udongo, ile unayovuta mkono wake chini, udongo unatoka mrefu kama tambi, unakata mishikio ya vikombe. Inafungwa ukutani.

Nyumba zetu huku Murusagamba mnazijua, tofali mbichi. Skrubu haishiki. Mume wangu akatoboa ukuta hadi ng'ambo, akapitisha boliti ndefu na kukazia nati upande wa pili.

Upande wa pili ndiko anakolala shangazi yake, aliyekimbia Burundi juzi juzi. Alikuwa ameenda kisimani. Hatukumwambia, hata hatukumfikiria.

Aliporudi akaniita chumbani.

Kanga yake na kifurushi alichovuka nacho mpakani vilikuwa vinaning'inia kwenye boliti zetu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Tangu nitoke kwetu nalala nimekikumbatia hiki. Leo mmenipa pa kutundika."

Mume wangu, pale mlangoni, akaanza kujiangalia vidole vya miguu.

Mimi nikasema, "Karibu, shangazi."

Jamani, nyie mngejibuje? Semeni tu, hata matusi napokea.

Maana hayakuishia hapo. Nikarudi kwenye mashine, nikavuta mkono mara moja, kuijaribu. Ukuta ukatikisika. Nikasikia kitu kimeanguka ng'ambo, halafu sauti yake, taratibu:

"Nisamehe, mwanangu. Nilikitundika vibaya."