Jerop Hakimbii

Pande za Soy, mtoto akipata njia ya kwenda Amerika, watu hawaulizi anaenda kusoma nini. Wanauliza ni mita ngapi. Ndiyo salamu yenyewe. Unakutana na mtu pale kwenye kinu cha unga, anakushika mkono, anautikisa mpaka bega lisikie: "Nasikia msichana wako anapanda ndege. Mita ngapi?" Na mzazi hutaja mita zake, elfu tano, elfu kumi, na wote wawili hucheka, kwa maana miguu ya watoto imeinua nyumba nyingi za mabati mekundu katika nchi ile.

Kiprop aliulizwa swali hilo kila alipopita na hakuwa na jibu. Binti yake Jerop hakuwa na mita hata moja. Alichokuwa nacho ni hesabu. Tangu shule ya msingi alikuwa akikaa chini ya ghala la mahindi akifanya hesabu za madarasa ya mbele, akisahau hata kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, na mama yake Chepkoech alikuwa akisema mtoto huyu ataolewa na kalamu.

Kiprop mwenyewe ni mtu mrefu, mwembamba, mguu wa kushoto unavuta kidogo. Ujanani alikimbia, na walisema angefika mbali, ila mshipa wa kisigino ulikatika siku moja kwenye mteremko na mambo yakaishia pale. Tangu hapo analima mahindi, anakamua ng'ombe, na kila Jumatano anakaa kwenye lango la dipu, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ili kupe wafe, akipokea malipo ya watu. Mtu mpole. Hata ng'ombe akimkanyaga, yeye ndiye anayesema pole.

Habari ya Amerika ililetwa na Mwalimu Emmanuel, aliyemfundisha Jerop sekondari. Alikuja jioni, hata hakukaa.

"Chuo kimemkubali! Cha serikali, kikubwa. Na wamempa skolashipu, kwa sababu ya akili yake. Si ya kuombaomba, ni ya akili!"

Chepkoech alipiga vigelegele hapo hapo, kuku wakatawanyika. Jumapili walisimamishwa mbele ya kanisa. Pasta akamwombea mtoto, akaombea ndege, akamwombea na rubani.

Siku chache baadaye Mwalimu alimwita Kiprop nyumbani kwake Munyaka, mjini Eldoret. Akampa chai na mandazi, akangoja amalize. Sasa mtu akikungoja umalize chai ndipo aseme, jua hayo maneno hayatelemki pamoja na chai.

"Baba Jerop, ile skolashipu ni nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya karo. Na karo yenyewe si ile ya wenyeji. Kule kila jimbo lina vyuo vyake. Mtoto wa jimbo hilo analipa kidogo. Anayetoka nje ya jimbo analipa mara tatu."

"Lakini ulisema ni cha serikali."

"Serikali yao, Baba Jerop. Si yetu."

Kiprop alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Ni kama dipu."

"Dipu gani?"

"Dipu yetu ya ng'ombe. Tulichimba wenyewe, kila boma ilitoa mchango. Kwa hivyo mwenye mchango anaogesha kwa bei ya chini. Ng'ombe ya kutoka ng'ambo ya mto inalipa mara tatu. Si mimi ndiye hukaa pale langoni? Wanyoike kila Jumatano ananililia, Kiprop, kupe ni kupe, haiulizi boma. Namwambia, mzee, kanuni ni kanuni."

"Basi umeelewa kuliko wazazi wengi."

"Na hii skolashipu ni kama tuone Wanyoike ako na ng'ombe ya gredi, ile ya kizungu ya maziwa mengi, tumwambie, lete hapa tukupunguzie, ndiyo watu waseme dipu yetu inaogesha gredi."

"Ndivyo hasa."

"Na akipunguziwa, bado analipa kuliko mimi."

"Bado." Mwalimu alisugua macho. Alionekana hajalala vizuri. "Kuna kile chuo cha pili, cha jimbo lingine. Hicho kimempa robo tu, lakini bei yao ya wageni si kali sana. Nimevipima hivi viwili, huku na huku. Ukitoa walichompa, kinachobaki kinakaribia kuwa kimoja."

"Ukipunguziwa bei ya trekta," Kiprop alisema, "bado ni trekta. Sasa kinachobaki ni kama nini? Niambie kwa kitu ninachokijua."

"Kwa mwaka mmoja, ni kama shamba lako na ng'ombe wako wote."

"Na ni miaka mingapi?"

"Minne."

"Mwalimu, mimi nina shamba moja."

Nje, mtu alikuwa akiita wanunuzi wa viazi. Walimsikiliza mpaka akapita.

Mwalimu akasema basi Jerop achague kozi katika vyuo vya hapa nyumbani. Alama anazo, mkopo wa serikali upo, na dirisha la kuchagua litafungwa mwisho wa mwezi. Achague huku, na Amerika wangoje waone kama mlango mwingine utafunguka. Yalikuwa maneno ya busara. Lakini Kiprop alikuwa amelelewa uwanjani, na uwanjani kuna neno moja ambalo kila kocha wa pande hizi humpa mtoto kabla hata hajampa viatu: anayeangalia nyuma anapitwa.

"Hapana," alisema. "Akichagua huku atakuwa ameangalia nyuma. Asichague kitu."

Ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya kwa upendo, ambayo ndiyo namna mbaya zaidi ya kufanya kosa.

Akirudi nyumbani alipishana na wakimbiaji, kundi zima, wanapumua kama mtu mmoja. Hapo ndipo wazo lilipomshika. Kocha Wabuge! Wabuge alikimbia naye zamani, na sasa alikuwa akipeleka vijana Amerika kila mwaka. Kiprop hakufika hata nyumbani. Aligeuza mguu wake ule mbovu, akamtafuta mpaka akampata.

"Anayekimbia wanamfutia kila kitu," Wabuge alimwambia. "Karo, kitanda, chakula. Hata hiyo mambo ya nje ya jimbo hawaulizi. Lakini lazima akimbie, Kiprop. Saa haina huruma."

"Ni damu yangu."

"Damu yako naijua. Mtoto simjui. Mlete Jumanne ile kabla ya siku yenu ya mwisho ya kujibu chuo kama anaenda. Nitampima."

Wiki hiyo Kiprop aliuza mtamba, yule mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye Jerop alimnyonyesha kwa chupa mamake alipokufa. Akaenda mjini akarudi na raba. Mpya, si za mitumba, za rangi ya machungwa ya kuumiza macho. Aliziweka juu ya meza katikati ya sahani za ugali kama mtu anayeweka Biblia.

"Baba," Jerop alisema, "mimi sikimbii."

"Hujajaribu. Kitu hakijajaribiwa hakina jina."

Chepkoech alikohoa. "Baba Jerop, mtoto hata akitumwa chumvi anaenda kwa kutembea."

"Ni kwa sababu duka haina skolashipu."

Jerop alizitazama zile raba. Kisha akatazama nje, kwenye kamba iliyolala bila mnyama. Akainama akazivaa.

Wakaanza. Alfajiri ukungu ungali umelalia mahindi, Jerop mbele, Kiprop nyuma na baiskeli, na pale barabara ilipopanda, Kiprop alishuka akaisukuma, na bado alimfikia. Mtoto alikimbia kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Watoto wa shule walimpita na mikoba mgongoni, wakageuka kumwangalia. "Dada, umechelewa wapi?" walimwuliza, wakacheka, na wakapotea kwenye kona. Wanyoike, yule wa ng'ombe wa ng'ambo ya mto, aliwakuta siku moja akasimamisha mkokoteni wake.

"Haiya! Kumbe ni kweli! Mita ngapi, Kiprop?"

"Tunatafuta," Kiprop alisema.

Usimwone Kiprop kuwa mjinga. Aliona. Mtu aliyewahi kukimbia anasikia hatua hata akiwa amefumba macho, na hatua za Jerop zilikuwa zikianguka chini kama viazi vinavyomwagwa. Aliona, na kila asubuhi alimwamsha tena. Mtu anayezama hukamata hata unyasi, na asiyezama ndiye huona ni unyasi.

Jumanne ikafika. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, umezungukwa na misonobari. Wasichana wengine walikuwa wakinyoosha miguu, miguu kama mijeledi. Mmoja alizitazama raba za Jerop.

"Sista, hizo kiatu zinawaka! Utatuchoma."

Walicheka wote, na Jerop akacheka pia, kwa adabu.

Wabuge akapiga kofi, wakaondoka. Mzunguko wa kwanza Jerop alikuwa nyuma yao. Wa pili walikuwa upande ule mwingine wa uwanja. Wa tatu wakamfikia kwa nyuma, wakampita, na yule msichana akamwambia kwa huruma ya kweli, "Sista, kaa ndani, kaa ndani usigongwe." Kiprop alisimama kando ya uwanja, midomo yake ikihesabu bila sauti. Kisha akaacha kuhesabu. Akaanza kumwita. "Jerop! Mikono! Mikono, mama yangu!" Sauti yake ilipanda mpaka watu wakageuka kumtazama mzee badala ya mbio.

Wote walipomaliza, Jerop alikuwa bado anakimbia. Hakuna aliyemwambia aache. Alizunguka peke yake, kifundo cha mguu kimeshateguka, anachechemea upande wa kushoto sawasawa na baba yake, na mwendo ule, Bwana, ndio uliomvunja Kiprop. Aliingia uwanjani akamshika.

"Basi. Basi, mama. Imetosha."

Wabuge alikuja polepole, saa ameificha mfukoni. "Kiprop, rafiki yangu. Huyu mtoto ana moyo wa kukutisha. Lakini mguu haudanganyi."

"Kwani hakuna mbio fupi? Hakuna ya kuruka?"

 Wabuge alimshika bega tu.

Walipofika kwenye barabara walikaa juu ya jiwe, wakingoja boda boda, kwa maana sasa hapakuwa na mwenye mguu mzima kati yao. Ndipo Kiprop alipokumbuka dirisha la vyuo vya nyumbani. Aliruka kama aliyechomwa.

"Leo ni tarehe gani? Jerop! Kuchagua kozi! Si ilifungwa Ijumaa?"

"Ilifungwa, Baba."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekuua," alisema. "Mtoto wangu, nimekuua kwa mikono yangu. Huku hakuna, kule hakuna. Ungekuwa na baba mwingine…"

"Nilichagua, Baba."

"Nini?"

"Mwezi uliopita. Mama alinipa pesa ya maziwa, nikaenda kwa Mwihaki, yule wa kompyuta. Nimechagua hesabu, hapa nyumbani. Tuliogopa kukwambia."

Kiprop alikaa tena juu ya jiwe. Shukrani ilimjia, na nyuma ya shukrani kitu kingine kichungu, kwamba chini ya paa lake watu wawili wa karibu kuliko wote walikuwa wamelijua jambo hili tangu mwanzo, na kila alfajiri walimwacha asukume baiskeli.

"Kama ulikuwa umechagua," aliuliza, "basi ulikimbia kwa nini?"

Jerop alikuwa akifungua kamba za raba, taratibu, mguu umefura. Hakuinua macho.

"Kwa sababu ulikuwa umeshazinunua."

Hawakuenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia Munyaka, kwa Mwihaki, mama mnene mwenye kibanda cha kompyuta ambacho pia kinauza mayai na soda. Siku ya kujibu ilikuwa karibu, na Jerop alisema ni afadhali leo, kesho hataweza. Mwihaki aliona mguu, akaona nyuso zao, akafukuza vijana wawili waliokuwa wakitazama mpira. "Tokeni kidogo, nyinyi. Kuna wageni." Akamletea Jerop kiti cha pili aweke mguu.

Kiprop alisimama nyuma ya binti yake na kofia mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya chuo, nyumba za matofali na vijana wamekaa kwenye majani wakicheka. Hakuwahi kuiona. Mwezi mzima alikuwa amekikimbilia kitu ambacho hakuwa amekiona. Jerop alikitazama kwa muda mrefu, mrefu mno, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Hakulia kwa sauti. Kisha mkono ukasogea, ukabonyeza pale pa kukataa nafasi.

Kiprop alisafisha koo. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Alitaka wale watu wajue. Mtoto si mvivu, hajawadharau, baba yake si mtu asiyejali. Ni ile bei ya wageni tu, na yeye mwenyewe ni mtu wa lango, anaijua kanuni, hana ugomvi na wao.

"Waambie asante sana," alisema. "Na uwaambie sababu. Waambie ni karo. Umeandika hiyo ya karo?"

"Hawajauliza sababu, Baba."

"Hawajauliza?"

"Hakuna mahali pa kuandika. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza tu."

Kiprop alisogea karibu, akainamisha ule urefu wake wote mpaka uso wake ukagusa mwanga wa kioo, akatafuta kwa macho, juu, chini, pembeni. Mwihaki aligeuka akaanza kupanga mayai yaliyokuwa yamepangwa tayari. Jerop akazibeba raba zake mkononi, akamshika baba yake kiwiko, wakatoka, wote wawili wakichechemea kwa mguu mmoja.