Wingu la Korongo

Jua likiwaka, mpiga picha wa Nkuhungu, kwenye mkoa huu wa mvua haba, hukaa studio akipiga watu picha za pasipoti, amenuna. Wingu likitanda tu, anafunga mlango na kushika njia ya Mkonze kutafuta ndege. Evodia, fundi cherehani wa chumba cha pili, amezoea kuwaambia wateja, “Leo hayupo, kuna wingu.” Tangu biashara iwe ruksa, picha za rangi zimejaa mjini, lakini yeye husafisha mwenyewe zile nyeusi na nyeupe. Evodia amewahi kumwona kwenye chumba cha giza, kiganja kikicheza polepole kati ya taa na karatasi, akimkinga ndege wa pichani na mwanga ili manyoya yake meusi yasigeuke doa.

Juzi alikuja bwana wa kalenda kutoka Dar es Salaam, akaipenda picha ya korongo akiruka juu ya mashamba. “Ila mbingu imepauka, mzee. Ipake bluu kidogo, naichukua.” Mpiga picha alifuta vidole kwenye suruali, akairudisha picha kwenye bahasha.

“Bluu tunayo karibu mwaka mzima,” alisema kwa sauti yake ileile ya chini. “Wingu hili tulilisubiri.”

Bwana yule akacheka, akaona anacheka peke yake, akaondoka. Evodia, ambaye shamba lake la Haneti lilinyeshewa na wingu lile, aliinuka kwenye cherehani. “Jirani, nipe mimi.”

Sasa picha iko ukutani kwake. Mteja akiuliza mbona mbingu nyeupe, Evodia humwuliza kwanza ametoka mkoa gani.