Sarafu ya Kujisifu

Kaka yangu alikuwa amenitafutia kazi kwenye mashimo ya dhahabu kule Masara. Kazi yenyewe ilikuwa kufungwa kamba kiunoni na kushushwa. Aliniambia kama mtu anayekuletea zawadi.

"Wewe ni mwembamba," alisema. "Unapita popote. Jumatatu unaanza."

Mimi naogopa hata choo cha shimo. Nikamwambia angoje kwanza, kwa sababu Ijumaa nilikuwa na intavyu Homa Bay, kwenye kiwanda kidogo cha barafu kinachouzia wachuuzi wa samaki. Nikiikosa hiyo, basi, kamba.

Kaka alicheka sana. "Intavyu? Wewe? Utawaambia nini?"

Lilikuwa swali zuri. Intavyu yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Migori mjini. Mwenye duka aliniambia, "Haya, tuambie kuhusu wewe." Nikaangalia misumari. Nikaendelea kuiangalia. Mwishowe akauliza kama nasikia. Nikasema ndiyo. Akasema watanipigia simu, na nadhani bado wanatafuta namba.

Mama akaona nipelekwe kwa kaka yake ili anifundishe kuongea. Huyu mjomba hajawahi kuajiriwa, na watu pekee waliowahi kumhoji ni polisi. Lakini hakuna anayemshinda kwa pakruok. Kwetu, kwenye sherehe na hata kwenye matanga, mtu anaweza kusimamisha muziki ili ajisifu. Anampa mpiga muziki hela, spika zinanyamaza, halafu anajimwaga: yeye ni nani, ametoka wapi, wanawake wa kwao ni warembo namna gani. Akimaliza, muziki unarudi. Lazima utoe hela kwanza. Ukijisifu bure unaonekana umerukwa na akili.

"Intavyu ni pakruok tu, okewa," mjomba aliniambia. Okewa ni mpwa, na mimi humwita nera, yaani mjomba. "Tofauti ni kwamba hawa wamevaa tai."

Tulifanyia mazoezi nyuma ya jiko. Yeye alikalia mtungi, akaweka beseni mbele yake na kulipiga kama ngoma. Mimi nilitakiwa kuja, kutupa sarafu ndani ya beseni, na kuanza. Nikisahau sarafu anaziba masikio.

"Sisikii kitu! Muziki bado unapiga!"

"Nera, kwani meneja ana muziki?"

"Tupa hela, wacha maswali. Sasa sema: mimi ni ndume aliyevuka Mto Kuja bila kulowa."

"Nililowa, nera. Wewe ndiye ulinitoa."

"Na meneja alikuwepo?"

Mama alipita na sufuria, akasema ndume huyo ajisifu pia kwamba tangu asubuhi hajachota maji.

Tulirudia hivyo wiki nzima. Maneno hayakuingia, lakini mkono ulielewa vizuri sana.

Ijumaa nilivaa koti la mjomba, linalonuka moshi wa matanga ya watu wengi. Ofisini nilikuta wawili: meneja, ambaye si mtu wa huku, na mama mmoja mnene anayesimamia mizani. Niliingia, nikafunga mlango, nikakaa. Upande wa pili wa ukuta mashine ya barafu ilikuwa inanguruma kama spika mbovu.

"Haya kijana," meneja alisema, "tuambie kuhusu wewe."

Mkono ukaingia mfukoni peke yake. Ukaweka shilingi ishirini mezani, mbele yake.

Meneja aliitazama. "Hii ni nini?"

"Ni ya... ni ya kujieleza."

"Unanihonga? Kwa shilingi ishirini?"

Sikujua kilichomuuma zaidi, hongo au udogo wake. Niliona kamba ya Masara ikiteremka kutoka darini.

Lakini yule mama wa mizani alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Alipoinuka alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Bosi, hiyo si hongo. Huyu amelipia ajisifu. Ndiyo desturi yetu, huwezi kujisifu bila kutoa kitu."

"Kwa hivyo amelipa?"

"Amelipa. Usipomsikiliza umemdhulumu."

Meneja akaegemea kiti. "Haya. Jisifu."

Nilimtafuta ndume wa Mto Kuja, akawa ametoroka. "Mimi," nikasema, "mimi ni yule asiyeongea."

"Eeh! Endelea!" mama akapiga makofi, kama tuko kwenye sherehe.

"Mwenye mdomo atasimama mlangoni apige hadithi na wanunuzi. Mlango uko wazi, barafu inageuka maji. Mimi sina hadithi. Nitabeba, nitapakia, nitafunga mlango."

Nilikuwa nimemaliza. Sijawahi kuongea hivyo kwa mpigo mmoja, hata nyumbani.

Meneja aligeuka kuangalia mlango.

"Ameufunga kweli," mama alisema. "Wale wengine wote wameuacha wazi, mimi ndiye nimekuwa nikiinuka."

Meneja akakohoa. "Jumatatu, asubuhi mapema. Uje na sweta."

Nilinyoosha mkono kuchukua sarafu yangu. Mama akaifunika kwa kiganja.

"Hela ya pakruok hairudi, mwanangu."

Ilikuwa ya nauli, kwa hivyo kipande cha kwanza cha safari nilikitembea. Sikulalamika. Mjomba alipopata habari, alichouliza ni kama nilitumia ile ya ndume. Nikamwambia ndiyo, akafurahi mpaka akanipa lile koti. Sikuwa nimeliomba.

Jumatatu kaka alipiga simu kutoka Masara. Kamba iko tayari, mbona sijafika? Nilikuwa kwenye chumba cha barafu, vidole vimekufa ganzi, nimebana simu kwa bega.

"Niko kazini," nikasema.

Akaiacha habari ya kamba. "Uliwaambia nini?"

"Kwamba siongei," nikamjibu, nikakata simu, maana mlango ulikuwa wazi.